Siku Mama Yangu Alipoitwa Mama Elvira

Kuna mzee katika mtaa wetu hapa Lidcombe, Sydney, ambaye hupunguza ua wake kwa mkasi mrefu kila jua linapowaka vizuri. Ua wenyewe ni wa miti mifupi yenye majani madogo, mazito, yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Yakikatwa wakati yamepata moto hutoa harufu ya mkojo wa paka. Nilipita hapo katika ile miezi tuliyofungiwa, tulipokuwa tukiruhusiwa kutembea karibu na nyumbani tu, barakoa usoni. Mimi ni mtu wa miguu isiyotulia. Kabla ya mambo yale, siku yangu ya mapumziko ningepanda treni hadi Campbelltown na kurudi bila shughuli yoyote, nitazame tu nyumba za watu zikipita. Sasa nilikuwa nazunguka mitaa ileile kama mbuzi kwenye kamba, na mama yangu alikuwa amezikwa Tanga majuma mawili nyuma bila mimi kuwepo.

Barakoa haikuzuia harufu ile. Nikasimama, mzee akanipungia mkono, nami nikashindwa hata kumjibu. Nilidhani nitalia. Badala ya kilio ukanipanda wivu, wivu wa mtoto wa miaka tisa, mzima kama nilivyouacha, na bado ulikuwa na jina lilelile: Elvira.

Mara ya kwanza niliyoisikia harufu hiyo nilikuwa katika bustani ya jumba la wafalme, huko Hispania, katika joto ambalo sijapata kuliona tena hata katika hizi Januari za Sydney. Najua mtu wa rika langu akisikia hivyo atacheka. Miaka ile sisi tulikuwa tunapanga foleni ya sukari, sabuni ya mche inakatwa vipande, na mtoto akipelekwa Korogwe kwa shangazi anarudi na hadithi za mwaka mzima. Mimi nilipelekwa Hispania. Nilipelekwa kwa sababu mama yangu alikuwa yaya.

Alikuwa akifanya kazi kwa injinia mmoja Mhispania aliyekuja kutengeneza mitambo ya mkonge. Injinia alikuwa na mke, tuliyemwita Madamu, na binti wa miaka mitatu, Elvira, ambaye alikuwa amefika Tanga akiwa mchanga kabisa. Mama aliondoka nyumbani kwetu kabla hapajapambazuka, akarudi jioni ananukia sabuni ya mtoto wa watu. Mimi nililelewa na bibi. Mtaani kwetu kila mtu alimwita mama yangu Mama Salome, kwa kuwa Salome ni mimi na sikuwa na mdogo wala mkubwa. Kule kazini walimwita Marta, jina lake la ubatizo. Nilifurahia mgawanyo huo. Niliona kwamba mtu anayeitwa Marta ndiye anayekwenda kwa Wazungu, na Mama Salome anabaki akiningoja mahali fulani hadi jioni.

Mwaka huo familia ilikuwa inakwenda kwao kwa likizo ndefu, na Elvira hakutaka kula kwa mkono wa mtu mwingine. Wakamwomba mama afuatane nao. Bibi alikuwa ameanza kupoteza macho, asingeweza kukaa na mimi peke yake. Mama akawaambia kwamba atakwenda ikiwa na mimi nitakwenda, la sivyo watafute mwingine. Niliambiwa hayo na bibi kama jambo la kunifurahisha. Sikulishangaa hata kidogo. Mtoto haoni ajabu mama yake akimdai.

Nyumba ya mama mkwe wa Madamu ilikuwa katika mji mdogo, si mbali na jumba lile. Ilikuwa na kuta nene na madirisha ya mbao yaliyofungwa kuanzia adhuhuri. Mchana barabara zilikuwa tupu, maduka yamefungwa, hakuna mbwa wala mtu. Siku ya kwanza nilidhani mtaani kuna msiba. Siku ya pili nikamwuliza mama nani mwingine amekufa. Akacheka mpaka akakaa chini, akaniambia hawa watu wanalala mchana kwa ajili ya joto, kisha akainuka kwenda kumlaza Elvira, na kucheka kwake akaenda nako.

Jioni ile ya kwanza tulikaa kwenye meza ndefu, ndugu wa injinia wamejaa. Madamu akasimama nyuma ya mama, akamwekea mkono begani, akasema maneno mengi ya kwao. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Kisha akatugeukia sisi, kwa Kiswahili chake cha Tanga ambacho hakikuwa kibaya, akaeleza kwamba amewaambia ndugu zake wasimwite mama Marta kama mtumishi. Kwetu mwanamke huheshimiwa kwa jina la mtoto, yeye ameliona hilo, na kwa hiyo hapa wote watamwita kwa jina la heshima.

"Mama Elvira," akasema, na akatabasamu kama mtu aliyetoa zawadi.

Nilimtazama mama nikisubiri amweleze. Lilikuwa kosa dogo, la mtu aliyeishika desturi kwa ncha yake. Alikuwa amesikia wanawake wakiitwa Mama Fulani sokoni na kanisani, akadhani fulani huyo ni mtoto aliye mikononi. Neno moja tu lingetosha. Lakini mama aliinamisha kichwa akasema ahsante. Baadaye, tulipokuwa tunavua nguo za safari, nilimuuliza. Akanijibu kwamba mtu hamkosoi mwenyeji wake mbele ya mama mkwe, na kwamba jina halimtoi mtu nyama mwilini. Halikumtoa yeye. Mimi lilinitoa.

Kuanzia hapo ikawa Mama Elvira njoo, Mama Elvira tazama, Mama Elvira keti. Hata mwuza mikate alijifunza. Kila walipomwita, mama aliitika, na kila alipoitika nilihisi kuna mahali ninafutwa. Nilianza kutembea nikimshika nguo, nami ni msichana wa miaka tisa. Elvira, ambaye hakujua lolote, aliipiga mikono yangu kwa kiatu chake akiwa mgongoni, akicheka. Nilimchukia kwa nguvu zangu zote. Nilikuwa nikimwombea homa, si kubwa, ya kumlaza tu.

Siku ya kwenda kwenye jumba la wafalme jua lilikuwa kali tangu asubuhi. Injinia alitaka tulione kabla ya likizo kwisha. Mlangoni wakakataza kigari cha mtoto, na Elvira akakataa kubebwa na mama yake mzazi, akakataa baba, akanyoosha mikono kwa wangu. Mama akatoa kanga, akainama, akamfunga mgongoni, akajiinua. Alikuwa amevaa viatu vya kufunika alivyonunuliwa na Madamu kwa ajili ya safari, vinambana, nikaona namna anavyokanyaga kwa upande. Mama mkwe akamwazima kipepeo chake cha mbao, naye akawa anajipepea juu ya bega ili upepo umfikie Elvira nyuma. Mimi nilitembea nyuma yao nipate ule uliobaki.

Sitaweza kueleza jumba lenyewe kama wanavyoeleza waliosomea mambo hayo. Nakumbuka kwamba vyumba viliingiliana bila mwisho, kila kimoja na rangi yake, na dari zake zilikuwa na watu uchi waliokaa kwenye mawingu. Nakumbuka saa nyingi, kila moja ikisema wakati wake. Nakumbuka kitanda kifupi cha mfalme, nikajiuliza kama wafalme walikuwa watoto. Hewa ilikuwa imesimama. Walinzi walikaa kwenye viti vyao macho yakiwafumba. Kijana aliyekuwa akituongoza alijifuta shingo kwa leso huku akisimulia, na Madamu akawa anatutafsiria kwa vipande.

Katika chumba kimoja chenye madirisha marefu palikuwa na picha kubwa ya mwanamke aliyekaa na mtoto mapajani. Mtoto alikuwa amevaa nguo zenye nyuzi za dhahabu. Mwanamke alikuwa na shanga nyekundu shingoni, mashavu mekundu, na mikono ya mtu wa shamba. Niliijua mikono ya namna hiyo. Nikamuuliza Madamu kama yule ndiye malkia.

Madamu akauliza, kijana akaeleza, naye akatuambia kwamba huyo si malkia. Ni mwanamke aliyeletwa kutoka milimani kumnyonyesha mtoto wa mfalme. Alipendwa sana hapa, akapewa nguo nzuri na shanga hizo, akakaa jumbani, wakamchora ili asisahauliwe.

"Na mtoto wake yuko wapi?" nikauliza.

"Ndiye huyu, amempakata."

"Huyo ni wa mfalme. Nauliza wake. Hawezi kuwa na maziwa bila ya mtoto wake."

Mama alinifinya begani, lakini Madamu hakukasirika. Aliona swali ni zuri. Akamuuliza kijana, kijana akamtazama yule mwanamke wa kwenye picha kama anamwona kwa mara ya kwanza, halafu akainua mabega. Hakuna ajuaye, Madamu akatuambia. Tukaendelea kusimama hapo, kwa sababu hapo palikuwa na mwanga, na injinia alikuwa tayari anaitoa kamera kwenye mfuko.

Kupiga picha kulikatazwa, lakini mlinzi mmoja aligeukia dirishani akajifanya haoni.

"Mama Elvira, simama chini ya picha," injinia akasema. "Mgeuze mtoto kidogo, uso uonekane. Hapo hapo. Salome, wewe sogea pembeni."

Nikasogea. Na nilipokuwa nasogea, mambo yote yakajipanga kichwani mwangu kama shanga kwenye uzi. Kwanza hubadilishwa jina. Kisha hupewa viatu vipya. Kisha hupigwa picha, picha hutundikwa, naye hukaa jumbani hadi mtoto wa wenyewe awe mkubwa, na yule wake mwenyewe hakuna ajuaye. Niliamini kwamba ndiyo sababu ya kuletwa. Nikamtazama mama amesimama chini ya yule mwanamke, jasho linamtiririka, Elvira amelaza shavu shingoni mwake na macho yamefumba kwa raha, nikaona kwamba wamekwisha kufanana.

Basi nikajiangusha. Nilikwenda chini mzima mzima, kama nguo iliyoanguka kambani, kichwa kikagonga marumaru kwa nguvu kuliko nilivyopanga. Sakafu ilikuwa ya ubaridi mtamu. Nikafumba macho nikalegeza mikono.

Nilisikia viatu. Nilisikia kipepeo kikianguka. Nilisikia fundo la kanga likifunguliwa kwa haraka, kisha Elvira akiwekwa sakafuni, na kilio chake, maana alikuwa ameanza kusinzia. "Mama," akalia, "mama, mama." Alikuwa anamwita wangu. Halafu mkono wa mama ukanigusa paji la uso, ukashuka shingoni, ukakaa kifuani. Ule mkono ulikuwa umelea wadogo zake watano, ulijua homa na ulijua hila. Ulikaa hapo kwa muda. Alijua. Nina hakika kama ninavyolijua jina langu kwamba alijua.

"Mama Elvira, ana nini?" Madamu akauliza kutoka juu.

"Mimi ni Mama Salome," mama akasema.

Hakupandisha sauti. Alisema akiwa amepiga magoti, ananitazama mimi, kama mtu anayemjibu mwenye duka kiasi cha chumvi anachotaka. Mama mkwe akauliza amesema nini. Madamu hakumtafsiria.

Kisha mama akafanya jambo ambalo nikiambiwa nichague saa moja ya maisha yangu niirudie, nitaichagua hiyo. Alinigeuza, akanivuta mgongoni, akanifunga kanga. Miaka tisa. Miguu yangu ilining'inia hadi kwenye mashavu ya miguu yake. Akajiinua kwa kushika ukuta wa wafalme, akatembea. Tulirudi katika vyumba vyote vile, chekundu, cha kijani, cha njano, na mimi nikiwa nimefumbua jicho moja juu ya bega lake. Nyuma yetu Madamu alikuwa amembeba Elvira aliyekuwa akimpiga kifuani kwa ngumi, akinyoosha mikono upande wetu. Nilimtazama. Nilitaka aone.

Nje palikuwa na bustani yenye ua wa miti mifupi uliokatwa kama mazulia, na jua lilikuwa limeupiga mpaka ukatoa ile harufu ya paka. Mama aliniweka kwenye kingo ya bwawa, akaninawisha uso kwa maji. Akavua viatu. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka.

"Leo nimekubeba. Umeona?"

"Nimeona."

"Umetosheka?"

Sikuwa nimetosheka.

"Basi nisikilize. Usinichaguze tena, Salome. Leo umenichaguza mbele ya watu na nimekuchagua wewe, na siku nyingine nitakuchagua wewe. Lakini yule mtoto naye analia, na mimi ndiye ninayejua kumnyamazisha. Unataka nifanyeje, nisijue?"

Akavaa viatu vyake, akainuka, akaenda walikokaa wenzetu chini ya mti. Akamchukua Elvira. Kilio kikakatika hapo hapo, katikati ya pumzi, na kichwa kile cha nywele za njano kikajilaza mahali kilipokuwa kimelala tangu mwanzo. Bado nilikuwa na joto la mgongo wake kifuani, na tayari mtu mwingine alikuwa amelipata.

Madamu hakumwita tena Mama Elvira. Alimwita Mama Salome, kwa uangalifu mwingi mno, kama mtu anayepokea sufuria ya moto, na akawafundisha wote nyumbani, hata mwuza mikate. Elvira naye akafundishwa. Ndiyo maana maisha yake yote hajapata kumwita mama yangu bila ya kunitaja mimi. Ungedhani hilo lingenituliza.

Familia iliondoka Tanga nikiwa kidato cha pili. Nilimaliza kidato cha nne, nikaanza kutembea: Mombasa, Lusaka, Muscat, Perth, mwisho huku. Kazi za usafi, kazi za jikoni, sasa kazi ya kutunza wazee. Sikupata mtoto. Hapa siku hupita na jina langu liko kwenye kitambulisho cha kazini tu, kwani aliyeitwa kwalo alikuwa mama. Kila nilipompigia simu aliniuliza narudi lini, kisha akasema Elvira alikuwa hapa. Elvira alikuja kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Elvira kampeleka kwa daktari wa macho. Elvira kajifunza kupika uji wa ulezi lakini unashikana chini. Mama alisimulia bila nia mbaya, nami nilisikiliza nikiwa nimebana meno. Nilikuwa na tiketi nitakayokata mwakani. Kila mara ilikuwa mwakani.

Presha ndiyo iliyomchukua, ghafla, katika ule mwaka ambao watu walishangaa mtu akifa kwa kitu kingine. Mipaka ya huku ilikuwa imefungwa, kutoka ni kwa kibali, na kibali kilikawia kuliko mazishi. Mkenya wa ghorofa ya chini, Mama Kevin, aliniletea chakula, akakiweka mlangoni, akarudi nyuma hadi kwenye ngazi kama tulivyoagizwa. Akasimama pale mikono imemning'inia.

"Pole sana, mami. Siwezi hata kukushika. Hii ni maisha gani?" Akaketi kwenye ngazi akalia huko huko, na mimi nikalia mlangoni, na katikati yetu sufuria.

Elvira alikwenda. Nchi yake haikuwafungia watu wake kama hii. Aliwahi, akalala chini kwenye mikeka na wanawake wa mtaa hadi matanga yalipoanuliwa, wakaniambia binamu zangu kwa sauti za kusifu, mzungu kalala chini. Nilisema mshukuruni.

Baada ya kupita kwenye ua wa yule mzee ndipo nilipompigia, mara ya kwanza tangu mazishi. Kwake ilikuwa asubuhi, kwangu alasiri. Kiswahili chake ni cha Tanga kabisa, ungemsikia bila kumwona ungemuuliza nyumbani kwao ni barabara ya ngapi. Akanisalimu kwa adabu, maana mimi ni mkubwa. Akaniambia kwamba kaburini mchungaji alisema mtoto wa marehemu aje amwage udongo wa kwanza, na watu wote wakamgeukia yeye.

"Nikawaambia mwenyewe yuko Australia," alisema. "Wakasema nimwage kwa niaba yake. Nikamwaga kwa jina lako, dada. Nilisema kwa sauti, huu ni wa Salome. Nilifanya vibaya?"

Nikamwambia hakufanya vibaya. Nilimshukuru, na nilimaanisha. Halafu nikajikuta namuuliza udongo ulikuwaje.

Hakushangaa swali. Akasema juu ulikuwa mkavu, chini yake una unyevu, unanata. Mwekundu. "Umeingia kwenye kucha," akasema, "bado upo. Sijataka kuutoa."

Nilikuwa nimetoka kazini asubuhi ile, ambako tulikuwa tukinawa kila tulipomgusa mzee mmoja na kila tulipomwacha, mpaka ngozi ikapasuka. Nikaishika simu kwa bega, nikainua mikono yangu yote miwili dirishani kwenye mwanga, nikazitazama kucha zangu. Zilikuwa safi.